Theluji, Mvua ya Mawe na Baridi ya Bwana Kheri

Wengi wetu hapa Mombasa bara hufungua sala kwa Wajjahtu, kama tulivyofunzwa chuoni na walimu wetu wa Kishafii. Lakini katika hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra imo dua nyingine ya ufunguzi, ambayo ndani yake mja humwomba Mola wake amtakase na makosa yake kwa vitu vitatu: maji, theluji na mvua ya mawe. Vitu hivyo hivyo vimetajwa tena katika dua ya maiti aliyoipokea Awf bin Malik. Basi sisi ambao tumezaliwa Likoni, Kisauni na Changamwe, tuliokulia kati ya minazi na matope ya mikoko, tumewaombea wazee wetu waoshwe kwa theluji, na theluji yenyewe hatujapata kuiona kwa macho wala kuigusa kwa mkono.

Katika darsa yetu ya akina mama, Alhamisi moja baada ya alasiri, msichana wa kidato cha pili aliyemfuata mama yake aliuliza kwa adabu: “Ukhti, mbona twaomba kwa kitu ambacho hakijatushukia hata siku moja?” Mwalimu wetu alimjibu kwa yale waliyoyasema wanavyuoni, kwamba vitu vitatu hivi hushuka kutoka mbinguni vikiwa safi, kabla havijaguswa na mkono wa mtu, na kwamba madhambi yana joto lake na joto huzimwa kwa baridi. Akaongeza kwamba misafara ya Makureshi ilikuwa ikienda Sham, na milima ya Sham huvaa theluji kila mwaka, kwa hivyo neno lile halikuwa geni kwa Waarabu. Majibu hayo yalitutosheleza upande wa dua. Upande wa pili wa swali, kwa nini theluji hushuka kwao na kwetu haishuki, ulibaki mikononi mwetu, nasi tumekuwa nao kwa majuma kadhaa. Haya tuyaandikayo ni mavuno ya majuma hayo.

Kisa cha kwanza tulikikuta karibu mno na nyumbani. Ukitoka Changamwe ukapita Mikindani na Miritini, ukafika Mazeras, kuna njia ya kuingia Rabai. Hapo ndipo walipojenga wamishonari wawili wa Kijerumani, Ludwig Krapf na Johannes Rebmann, katika miaka ya 1840. Tarehe 27 Aprili 1848 Rebmann aliondoka Rabai kwenda nchi ya Wachaga akiwa na wapagazi wachache, na mbele yao kiongozi wa msafara, Mswahili aliyeitwa Bwana Kheri. Asubuhi ya tarehe 11 Mei wakauona mlima mrefu, na juu ya kilele chake weupe uliong'aa, ambao Rebmann kwanza aliudhania wingu. Akamwuliza Bwana Kheri ule weupe ni kitu gani. Bwana Kheri akamjibu kwa neno moja: baridi.

Vitabu vingi husimulia jambo hili kana kwamba mwenyeji wetu alikosa neno la kusema, na mgeni kutoka Ulaya ndiye aliyejua. Sisi hatuoni hivyo. Rebmann alikitaja kitu kwa jina lake, naye Bwana Kheri akaitaja sababu yake. Na hata katika lugha, hakuwa mbali na shabaha: neno letu baridi na neno la Kiarabu barad, ambalo ni mvua ya mawe iliyotajwa katika dua ile, yametoka katika shina moja. Theluji nayo tumeichukua kutoka kwa thalj ya Waarabu, ila barafu imetufikia kutoka kwa Waajemi, pengine kwa majahazi yale yale yaliyotuletea mazulia na tende.

Habari hiyo ilipochapishwa London mwaka 1849 ilizua ubishi mkubwa. Msomi mmoja wa jiografia, William Desborough Cooley, aliandika akiikanusha, kwani kwake yeye haikuingia akilini kwamba chini ya jua la ikweta kuna theluji isiyoyeyuka. Ubishi uliendelea kwa miaka, hata baada ya Krapf kuuona Mlima Kenya kutoka Ukambani tarehe 3 Desemba 1849, nao pia una weupe kileleni. Ni safari za Mjerumani mwingine, Klaus von der Decken, mwaka 1861 na 1862, zilizomaliza maneno. Na huku wasomi wakibishana, Wachaga walikwisha kulijua jambo lenyewe. Walimwambia Rebmann kwamba kile kitu chenye mfano wa fedha, kikichukuliwa na kuteremshwa chini ndani ya chombo, huwa ni maji tu.

Kosa la Cooley ni kwamba alipima joto kwa umbali kutoka ikweta peke yake, akasahau kwamba lipo pia joto la kwenda juu na kushuka chini.

Msichana wetu wa kidato cha pili alikuwa na swali tayari juu ya hilo: mlimani mtu amekaribia jua zaidi, basi mbona kuna baridi? Tukamjibu kwa pampu ya baiskeli. Ukiibana hewa ndani ya pampu, pampu hupata moto mkononi. Ukiifungua vali ya gurudumu hewa ikatoka kwa nguvu, huwa baridi kwenye vidole. Na mtungi wa gesi ukitumiwa kwa wingi siku ya shughuli, ubavu wake hupoa hata ukatoa jasho. Hewa ya Likoni imebanwa na uzito wa hewa yote iliyo juu yake. Ikipanda, uzito ule hupungua, hewa hutanuka, na kila itanukapo hupoa. Kileleni Kilimanjaro msukumo wa hewa ni kama nusu tu ya ule wa ufukweni kwetu. Isitoshe, jua halianzi kuipasha moto hewa. Hupasha ardhi na bahari, na hewa hupata joto lake kutoka chini, kama sufuria juu ya jiko. Aliye mbali na jiko hana joto. Zile kilomita 5 au 6 za kulikaribia jua si kitu mbele ya kilomita milioni 150 zilizobaki.

Hapa ndipo hesabu ilipotufurahisha, kwa kuwa mtu yeyote anaweza kuifanya mezani. Kwa wastani hewa hupungua joto kiasi cha nyuzi 6 za sentigredi kila upandapo kilomita 1. Tuseme leo Kisauni ni nyuzi 28. Gawanya 28 kwa 6, upate kilomita 4 na zaidi ya nusu. Maana yake ni kwamba, wakati huu tunapoandika huku feni ikizunguka na madirisha yako wazi, hapo hapo juu ya vichwa vyetu, umbali ambao kama ungekuwa wa barabara tungeutembea kwa mguu kwa saa moja, hewa iko sifuri na maji yanaweza kuganda. Kilele cha Kibo kina mita 5,895. Zidisha kwa nyuzi hizo 6 kwa kila kilomita, toa katika 28, utapata nyuzi 7 hivi chini ya sifuri, na huo ndio takriban wastani wa joto la kilele hicho kwa mwaka. Batian ya Mlima Kenya, yenye mita 5,199, hupata kama 3 chini ya sifuri. Milima hiyo haikuvunja kanuni yoyote ya ikweta, ila imechungulia ndani ya tabaka la hewa ambalo sisi sote tunaishi chini yake.

Kwa hiyo theluji hupita juu ya Kisauni. Neno hili lilipotamkwa darasani baadhi ya wenzetu walicheka, lakini ni kweli. Mawingu mazito ya masika, yale yenye radi, hupanda kilomita 10 na zaidi, na sehemu yao ya juu imejaa chembe za barafu. Chembe hizo hukua, hushikana, huanza kushuka zikiwa theluji, kisha zikavuka ule mstari wa sifuri zikayeyuka, na kutufikia zikiwa matone. Si mvua yote ya pwani iliyo hivyo. Manyunyu mengi ya asubuhi yanayotoka baharini huzaliwa katika mawingu mafupi ambayo hayafiki kwenye baridi hiyo kamwe. Lakini ile mvua kubwa ya Mei inayofurisha mitaro ya Mtongwe na Bamburi, sehemu yake ilikuwa theluji dakika chache kabla ya kutugongea mabati.

Kinachoamua kama itatufikia nyeupe au itatufikia maji ni hewa ambayo chembe hupitia ikishuka, tabaka baada ya tabaka, hadi kwenye kizingiti cha mlango.

Umbo la chembe yenyewe nalo huamuliwa na joto. Akina mama mnaokagua friza zenu mnaijua tofauti ya barafu ya kwenye vibakuli, ngumu na ya kupenyeza mwanga, na ule unga mweupe unaojijenga kwenye kuta. Barafu ya vibakuli ilikuwa maji yakaganda. Unga wa ukutani haukupata kuwa maji. Ni mvuke uliogeuka barafu moja kwa moja, na theluji ni jamaa wa unga huo. Mjapani mmoja aitwaye Ukichiro Nakaya, huko Hokkaido, mwaka 1936 alifaulu kuikuza chembe ya theluji ndani ya chumba chake cha baridi, akiiotesha juu ya unywele wa sungura. Akaonyesha kwamba karibu na nyuzi 2 chini ya sifuri hutoka vibati vidogo, karibu na 5 chini ya sifuri hutoka sindano, na karibu na 15 zile nyota za matawi sita ambazo watoto huzichora. Kwa hivyo mtu akitazama chembe iliyoangukia mkono wa koti lake, anaweza kujua joto la wingu ambalo hajafika.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tulisome somo hili kwa moyo wa wasiwasi, si kwa udadisi tu.

Mwenzetu mmoja wa darsa, mkazi wa Likoni, binti yake ameolewa na yuko Ottawa, nchini Kanada. Majira ya baridi ya mwaka juzi binti alikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza. Mama mtu aliogopa theluji kama watu wanavyoogopa bahari ambayo hawajawahi kuivuka. Kila jioni simu yake ilikuwa moja: kumeshuka? kumejaa? umevaa nini? Siku moja binti akamwambia, kwa sauti ya kupumua, leo hakuna theluji mama, ni mvua tu, nyembamba, kama ya kwetu. Mama akashukuru.

Adhuhuri ya siku ya pili, wakati feri iko katikati ya kivuko, ujumbe wa mkwe ukaingia: ameanguka kwenye ngazi za nje, wako hospitali. Mwenzetu anasema hakumbuki alivyoshuka upande wa kisiwani, wala nani aliyemshikia kapu. Sisi tulikusanyika kwake baada ya magharibi, tukasoma Yasin, na simu ikawa katikati ya mkeka. Saa nne za usiku mkwe alipiga tena. Kifundo cha mkono kimevunjika. Moyo wa mtoto umesikilizwa na unapiga vizuri. Tuliinua mikono bila ya mtu kuambiwa. Mtoto alizaliwa mwezi wa Machi, msichana, mzima, alhamdulillahi.

Lakini lile neno “mvua tu” halikututoka. Ilikuwaje mvua kumwangusha mtu ambaye theluji ya miezi miwili haikumwangusha?

Maelezo yake ni haya. Mara nyingine hewa haijipangi kwa ngazi moja ya kupoa kutoka chini kwenda juu. Upepo wa kusini hupitisha tabaka la hewa ya uvuguvugu juu ya hewa ya baridi iliyolala ardhini, na kwa kuwa hewa ya baridi ni nzito, haiondoki haraka, hubaki imetulia bondeni kama maji ndani ya sinia. Theluji inayoshuka kutoka juu hukutana na tabaka la uvuguvugu ikayeyuka kabisa. Kisha, ikiwa imeshakuwa tone la maji, huingia kwenye hewa ya chini iliyo chini ya sifuri. Ikiwa tabaka hilo la chini ni nene, tone hupata wasaa wa kuganda tena na kuanguka kama punje ndogo za barafu, zinazoruka-ruka njiani. Ikiwa ni jembamba, tone hufika likiwa bado maji, lakini maji yaliyopoa kupita kiasi, yanayongoja cha kukishika tu. Kwani maji safi yanaweza kupita chini ya sifuri bila ya kuganda mpaka yapate pa kuanzia. Likigusa ngazi, waya wa umeme, tawi au barabara, huganda papo hapo, na kila kitu huvikwa kioo.

Mwezi Januari 1998, kati ya tarehe 5 na 10, mvua ya namna hiyo ilishuka mfululizo kwenye eneo hilo hilo, kuanzia Ottawa hadi Montreal. Barafu ilinenepa juu ya nyaya mpaka minara ya chuma ya umeme ikajikunja na kulala, na mamilioni ya watu wakabaki gizani katikati ya majira ya baridi, wengine kwa majuma. Wenyeji wa huko wanaifahamu theluji tangu kuzaliwa na hawaiogopi sana. Mvua hiyo ndiyo waiogopayo. Theluji husagika chini ya kiatu, huzuia mguu. Kioo hakizuii kitu.

Kipo na kinyume chake, ambacho kwetu kilikuwa kigumu zaidi kukikubali: theluji inaweza kufika chini ilhali kipimajoto cha mlangoni kinaonyesha nyuzi 1 au 2 juu ya sifuri. Hili tumelielewa kwa mtungi. Bibi zetu walipoza maji ya kunywa kwa mtungi wa udongo, na siri ya mtungi ni kwamba maji hupenya kwenye vitundu vya udongo, yakakauka kwa nje, na katika kukauka huchukua joto la yale yaliyobaki ndani. Jamaa zetu walioko bara kwenye ukavu hupata maji ya baridi kutoka kwenye mtungi kuliko sisi wa pwani, kwa kuwa hewa yetu imeshashiba unyevu na haina haja ya mwingine. Chembe ya theluji ikishuka katika hewa kavu hufanya kazi ya mtungi: huanza kuyeyuka pembeni, maji yale hukauka, na kukauka huko huipoza chembe pamoja na hewa iliyoizunguka, hata ikafika chini ingali theluji. Katika hewa yenye unyevu mwingi, joto lile lile la nyuzi 2 huifanya mvua. Ndiyo maana wapimaji hali ya hewa huwa na vipimajoto viwili, kimoja kikavu na kimoja kilichofungwa kitambaa kibichi, na ni hicho cha kitambaa kinachotabiri vyema zaidi kama itashuka nyeupe.

Wala si kwamba baridi ikizidi theluji huzidi. Hewa ikishuka joto kwa nyuzi 10, mvuke inaoweza kuubeba hupungua hadi karibu nusu. Kwa nyuzi 20 chini ya sifuri hewa ni kama kapu tupu. Theluji yake ni haba na nyepesi, unga unaopeperushwa kwa pumzi. Ile nzito, yenye maji, inayovunja matawi na kuchosha migongo ya wanaume kwa koleo, hushuka karibu na sifuri. Huko Oman, ambako wengi wetu tuna wajomba na mashangazi, Jabal Shams yenye urefu wa mita 3,000 hivi hupata theluji baadhi ya miaka, na kaskazini mwa Saudia, upande wa Tabuk, Jabal al-Lawz vilevile. Baridi ya usiku wa jangwani wanayo mara nyingi. Wanachokingoja ni mawingu.

Kuna tukio la hapa hapa Kenya ambalo baadhi ya wasomaji watalikumbuka. Mwanzoni mwa Septemba 2008, wakazi wa Busara, karibu na Nyahururu, walikuta ardhi imefunikwa weupe, kwenye mlima na mashambani. Watu walitoka kuutazama na kuushika, na habari zikaenea duniani kwamba theluji imeshuka Kenya, karibu kabisa na ikweta. Wataalamu wa hali ya hewa walisema ile ilikuwa mvua ya mawe. Hesabu yetu ya mezani inaafikiana nao: Nyahururu iko mita 2,300 hivi juu ya bahari, toa nyuzi 14 katika 28 zetu, zinabaki 14. Hata alfajiri ya baridi haitoshi kuilinda chembe laini ya theluji isiyeyuke katika mamia ya mita za mwisho.

Mvua ya mawe haihitaji ardhi iwe baridi. Huzaliwa ndani ya mawingu ya radi, ambako upepo unaopanda kwa nguvu huishikilia punje juu, penye baridi, matone yaliyopoa yakaigandia moja juu ya jingine, mpaka ikawa nzito kuliko upepo. Inapoanguka, huanguka kwa kasi, na kwa uzito wake hupita hewa ya uvuguvugu kabla haijapata muda wa kuyeyuka. Wakulima wa chai wa Kericho na Nandi wanaijua vyema, kwani hupasua majani yao. Wao wako juu, mwendo wa punje kutoka kwenye sifuri hadi kwenye shamba ni mfupi. Kwetu pwani mwendo huo ni zaidi ya kilomita 4 za hewa ya joto, na punje nyingi huishia njiani. Ukiisoma aya ya 43 ya Surat an-Nur, inayotaja mawingu yanavyosukumwa na kurundikwa na mvua ya mawe inayoteremshwa kwa amtakaye na kuepushwa kwa amtakaye, utaona kwamba imetaja barad, si thalj.

Neno la mwisho ni juu ya kilima cha Bwana Kheri. Weupe aliouita baridi unaisha. Barafu ya Kilimanjaro ilipopimwa mwaka 1912 ilikuwa kama kilomita 12 za mraba. Kufikia 2011 hazikubaki hata 2. Barafu ya Lewis, Mlima Kenya, nayo imesinyaa kuwa vipande. Wengi wetu tungedhani kileleni sasa kumepata joto la kuyeyusha, na ongezeko la joto duniani lina sehemu yake. Lakini juu ya Kibo bado ni chini ya sifuri. Watafiti wanaeleza kwamba tangu mwisho wa karne ya 19 hewa ya Afrika Mashariki ilikuwa kavu zaidi, theluji mpya ikapungua, na jua kali likawa linaila barafu ikageuka mvuke bila kupitia maji, kama unga wa friza unavyopungua wenyewe. Baridi imebaki, kilichokosekana ni mvuke.

Na kwa wale wanaosema maji yetu ya bomba yatakauka barafu hiyo ikiisha: chemchemi za Mzima, zinazoleta maji Mombasa, hulishwa zaidi na mvua inayozama kwenye mawe ya volkano ya milima ya Chyulu. Shida ya mifereji ya Likoni na Changamwe ina sababu zake nyingine, na tukizianza hapa gazeti litajaa.

Mwenzetu siku hizi haulizi tena kama kumeshuka. Amemfunza mkwe wake ampelekee mambo mawili kila asubuhi ya Ottawa: nyuzi ngapi, na kama mvua imetangazwa. Juma lililopita jibu lilikuwa nyuzi 1 juu ya sifuri, theluji nzito, mjukuu amevalishwa nguo tatu na anaitaka iingizwe ndani. Yeye, ambaye Kiswahili chake hakijafika maneno 30, anaiita baridi.

Msichana wa kidato cha pili ameahidi kuleta vipimajoto viwili na kitambaa Alhamisi ijayo, inshallah. Darsa itakuwa Kisauni, baada ya alasiri kama kawaida.